Imeandikwa Wapi?

Wanafunzi wengi hawakulijua jina lake, na waliolijua hawakulitumia. Walimwita Imeandikwa Wapi, kwa kuwa hilo ndilo swali lililomtoka mwalimu huyo kinywani kila mtoto alipofungua mdomo katika kipindi cha fasihi. Ukisema mhusika fulani ni mchoyo, anakuuliza imeandikwa wapi. Ukijibu, "Mwalimu, si anaonekana tu," umekwisha.

"Anaonekana na nani? Mimi nasoma kitabu, sisomi macho yako. Maneno matupu hayavunji mfupa!"

Lakini ukiupata mstari wenye kuibeba hoja yako, anaegemea meza, sauti inalegea, anakwambia, "Soma tena, taratibu." Kwa ajili ya ule upole watoto walikuwa tayari kupekua kitabu kizima, majalada yakiwemo.

Nyumbani naye alikuwa yuleyule. Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, na binti huyo akilalamika kwamba jirani hampendi, anaulizwa jirani kasema nini, lini, mbele ya nani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Binti akawa hodari wa ushahidi kuliko mama.

Hodari kupita kiasi, kama utaniuliza mimi. Siku moja waligombana jikoni. Binti alitaka kwenda mji mwingine kujifunza ushonaji, mama akakataa katakata.

"Mama, wewe hunipendi."

"Imeandikwa wapi?"

Lilimtoka tu, kwa mazoea. Binti akafuta mikono, akaanza kunukuu.

"Nilipoleta alama themanini, ulisema, 'Ishirini nyingine umempa nani?' Nilipougua, ulisema, 'Homa haimzuii mtu kusoma.' Nilipovaa gauni la kwanza nililolishona mwenyewe, ulisema, 'Pindo limepinda.' Nikuongezee?"

Alinukuu neno kwa neno, bila kutia chumvi, kama alivyofundishwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walishamaliza. Asubuhi yake binti aliondoka.

Tangu hapo walipigiana simu za salamu tu. Mzima? Mzima. Kazi? Inakwenda. Basi. Na mama alikuwa na hamu naye, hamu ya kumkosesha mtu ladha ya chakula. Alitamani kusikia hata milango ikibamizwa, jambo alilokuwa akilikemea miaka yote. Lile gauni la pindo lililopinda lilibaki kabatini. Kila Jumamosi alilitoa, akalipiga pasi, akalirudisha mahali pake. Ampigie amwambie hivyo? Thubutu! Huyo alikuwa tayari kufa na tai shingoni.

Sasa, siku moja darasani walikuwa wakisoma riwaya ya baba mkavu asiyempa mwanawe neno hata moja la upendo. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, mpenda kusinzia, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu baba anampenda mwanawe."

"Imeandikwa wapi?"

"Ukurasa wa arobaini. Mwanawe ameshahama, lakini kila jioni baba anatia mafuta bawaba za mlango wa chumba chake."

Mwalimu akaegemea meza. "Soma tena, taratibu."

Msichana akasoma. Kisha mwenzake wa kando akaropoka, "Lakini mwanawe angejuaje? Yeye si hakisomi hiki kitabu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Aligeukia ubao, akaushika ufutio, akafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Kengele ya mapumziko ilipolia alijifungia chumba cha walimu, akapiga simu. Upande wa pili cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Mama? Kuna nini, mbona mchana?"

"Siku ile jikoni ulisema sikupendi," alisema. "Nataka kuipinga hoja yako."

Binti alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeumia. "Haya. Imeandikwa wapi?"

"Lile gauni lako, kila Jumamosi nali..." Gauni lilikuwa kabatini. Binti angelisomea wapi?

"Haijaandikwa popote, mwanangu. Nimepekua kote. Sikuwahi kulisema, na kosa ni langu. Nakupenda. Nina hamu nawe mpaka nyumba imenishinda."

Cherehani ikanyamaza. Mama alidhani atakatiwa.

"Soma tena, mama," binti akasema. "Taratibu."