Magugu ya Chuo

Fomu ilikuja na basi la asubuhi kutoka Morogoro, ndani ya bahasha ya kaki, na kichwa chake kilikuwa kirefu kuliko mshahara wangu: Mafanikio ya Wahadhiri na Wafanyakazi wa Chuo kwa Mwaka Huu. Nilikuwa msaidizi wa utafiti katika kituo kidogo cha chuo pale Kilosa. Kazi yangu ilikuwa kupima mahindi na kuandika urefu wake kwenye daftari. Nikaandika kwenye fomu, "Sikuchelewa kazini." Nikafuta, maana nilichelewa.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Sokoni ungepata sabuni za kila rangi na mitumba ya kuchagua mpaka uchoke, lakini huku chuoni watu walikuwa wanapunguzwa. Kila mtu alijua kwamba asiye na la kuandika kwenye ile fomu ndiye atakayetangulia kwenda nyumbani. Na nyumbani kwangu, Mikumi, mama alikuwa ameshawatangazia madereva wote wa malori kwamba binti yake ni mtu wa chuo kikuu. Ningerudi na uso gani?

Mkuu wangu alikuwa mhadhiri kijana, sote tukimwita Daktari. Akaniambia niandike jaribio letu la Msowero. "Jopo kutoka chuoni linakuja kuliona," alisema. "Wewe ndiye utakayewaeleza."

Jaribio lenyewe lilikuwa mistari mitatu ya mahindi. Wa kwanza tuliupalilia mara mbili, wa pili mara moja, na wa tatu hatukuugusa kabisa, ili tuone magugu yanaiba kiasi gani cha mavuno. Bila ule wa tatu, hiyo miwili haina maana. Daktari aliutegemea kwa makala yake, na makala aliitegemea apandishwe awe mhadhiri mwandamizi. Kuulinda ilikuwa kazi yangu mimi.

Shamba tuliazimwa na bibi mmoja mjane, mwenyeji wa pale tangu mababu. Mara tatu nilimweleza habari ya mstari wa tatu. Mara tatu aliitikia "Ndiyo, mwanangu" kwa upole mno, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amenielewa. Kumbe alidhani natafuta maneno ya kufunika uvivu.

Siku ya jopo nilitangulia kwa baiskeli, nimevaa gauni jipya la mtumba. Kabla sijafika nikasikia wanawake wanaimba. Nikashuka. Mstari wa tatu ulikuwa mweupe, umepaliliwa ukang'aa, magugu yamelundikwa pembeni kwa adabu. Wanawake wapatao ishirini wameegemea majembe, na bibi katikati yao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, tumekusitiri. Wageni wako wakute magugu haya, watu watasemaje?"

Nilitaka kulia. Nikafungua mdomo nilie, kikatoka kicheko. Nilicheka mpaka nikashika mpini wa jembe la mtu nisianguke, na wale wanawake, wakidhani ni furaha ya kusitiriwa, wakanipigia vigelegele. Hivyo ndivyo jopo lilivyotukuta.

Daktari alishuka kwenye gari, akautazama mstari wa tatu, akanitazama mimi. Angesema tu, "Msaidizi wangu amezembea," na ingekuwa kweli tupu, na mimi ningekuwa nimekwisha. Badala yake akaenda kumwamkia bibi.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye sauti nzito, aliwauliza wanawake wamelipwa posho gani. Ndiyo iliyokuwa hadithi ya siku hizo: mkulima haji kwenye semina yako bila posho na soda. Bibi akakasirika waziwazi.

"Posho ya nini? Nilipofiwa na mume wangu, mtoto huyu alinitekea maji siku tatu. Nani alimlipa?"

Mwenyekiti akamgeukia Daktari. "Na jaribio?"

"Jaribio limekwisha," alisema Daktari. "Lakini hawa wamekuja bila kuitwa, kwa ajili yake. Mimi sijawahi kupata hilo. Andikeni hilo."

Miezi michache baadaye jarida la chuo likatoka na orodha ya mafanikio ya kila mtu. Nilipanda lori la vitunguu mpaka Mikumi nikiwa nimelikumbatia. Mama hakujua kusoma, lakini mgahawani kwake wasomaji hawakukosekana. Kila dereva aliyeagiza supu alipewa kwanza jarida, na supu ilichelewa mpaka asome. "Ameaminiwa na wakulima wa Msowero hata wakamfanyia kazi bila posho." Mama akiisikia anazunguka meza zote akijipepea na sahani. Mimi nilijifanya naona haya, na haya sikuwa nayo hata chembe.

Dereva wa nne au wa tano, mtu mdadisi, alisoma yangu, akapandisha kidole mpaka mstari wa juu yake. "Na huyu bosi wako, mbona kaandikiwa 'Hakuna'?"

Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara nyingi, nikaishia kwenye mstari wangu tu. Nikalichukua jarida mkononi mwake, nikausoma ule wa juu.

Kesho yake nilikuwa Msowero, nimepiga magoti mbele ya bibi, namwomba tena shamba, na safari hii nikamwambia yote: magugu yale yalikuwa cheo cha Daktari, na amekikosa kwa kunisitiri mimi. Bibi akaniinua. Kisha akasema shamba nimepewa, na magugu yaote yanavyotaka, ila kwa sharti moja: wapita njia wasidhani ni yake.

Ubao niliupaka rangi kwa mkono wangu, nikausimamisha mbele ya mstari wa tatu: MAGUGU HAYA NI MALI YA CHUO. Daktari alipouona alikaa chini kwenye tuta na suruali yake safi, akacheka mpaka miwani ikadondoka.

Msimu ule hakuna jembe lililougusa ule mstari. Bibi mwenyewe alikuwa akikaa karibu na ubao, akimfukuza yeyote aliyeinama kung'oa. Na jarida lililofuata nilipolipeleka Mikumi, sikumpa dereva. Nilimsomea mama mwenyewe, nikaanzia mstari wa juu.