Sakafu ya Dansi la Jumapili

Tarehe kumi na tisa Mei, siku ya Jumatatu, baada ya swala ya adhuhuri, tulimzika mke wangu, Mwanasiti binti Omari, huko kwao Waa. Mama mmoja miongoni mwa waliomuosha alinijia barazani, akaniuliza kwa adabu, "Baba, kile kifundo cha mkono wake wa kushoto kilivunjika lini? Kiliunga vibaya."

Nikamwambia, "Kilivunjika kazini kwangu."

Hakuelewa, nami siku ile sikuwa na nguvu za kueleza. Naeleza sasa. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza. Vijana wanaofanya kazi katika hoteli za Diani leo huenda wakapata faida kidogo, maana kazi yangu haipo tena.

Nilikuwa mtu wa sakafu. Niliandikwa miaka michache baada ya Uhuru katika hoteli moja ya ufukweni. Siku ya kwanza nilifika alfajiri nikiwa nimevaa kanzu safi, nikidhani nitapewa kazi ya mezani. Mnyapara wa usafi, Mzee Kibwana, mzaliwa wa Lunga Lunga, alinitazama kuanzia kofia mpaka miguuni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hiyo kanzu ni ya nani?"

"Yangu."

"Ivue uiweke. Utaitaka siku ya harusi yako."

Akanipeleka kwenye sakafu ya dansi. Ilikuwa ya saruji nyekundu, duara, chini ya paa la makuti lililoshikwa na nguzo nane, karibu na bahari kiasi kwamba kila asubuhi ilikuwa na unyevu kama jasho. Kazi ilianza kwa kufagia mchanga, kwa sababu mchanga ukikanyagwa huchimba saruji. Kisha niliosha kwa maji ya kisima, siyo ya bahari, maana chumvi hunata. Ikikauka nilipaka nta, halafu nikasimama juu ya kumbi la nazi lililokatwa nusu, mguu mmoja juu ya kumbi na mwingine chini, nikazunguka nikisugua mpaka jua lipande. Nyonga zangu zinauma hadi leo upande mmoja tu.

Mwisho kabisa kulikuwa na mishumaa. Wageni walikula kwa mwanga wa mishumaa, na kila asubuhi niliokota vipande vilivyobaki mezani. Nilivikuna juu ya bati la kopo lililotobolewa kwa misumari, unga wake nikaunyunyiza sakafuni kabla bendi haijaanza. Viatu vya ngozi vikipita juu yake viliteleza vizuri, mtu akageuka bila kukwama. Kipimo cha Mzee Kibwana kilikuwa kiberiti. Alipiga magoti penye jukwaa la bendi, akakisukuma kwa kidole kimoja. Kikisimama usawa wa nguzo ya tatu, sakafu iko sawa. Kikisimama kabla, watu wataumia magoti. Kikipita, wataanguka.

"Usinionyeshe inavyong'aa," alikuwa akisema. "Nionyeshe kiberiti."

Jumamosi sakafu ilikuwa ya wageni. Lakini baada ya Uhuru hoteli ilikubali kuwa Jumapili, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa mbili za usiku, iwe ya wenyeji. Kiingilio kilikuwa kidogo, na ndani yake mlikuwa na soda moja. Walikuja walimu kutoka Kwale, makarani wa Matuga, wauguzi wa Msambweni, wavuvi, na sisi wafanyakazi tuliokuwa zamu ya mapumziko. Niwaeleze namna ya kustarehe bila kufilisika, kwa kuwa mnaniuliza mara nyingi. Kwanza, ule kwako. Pili, soda usiinywe ukiwa na kiu. Kunywa maji kwanza, soda iwe ya kushika mkononi. Tatu, uende na mtu unayependa kuzungumza naye, kwa sababu njia ya kurudi Ukunda kwa miguu ni ndefu, na hiyo ndiyo nusu ya starehe. Bendi ilikuwa ile ile ya Jumamosi, na bahari ile ile. Mgeni alilipa nauli ya ndege. Sisi tulikuja kwa baiskeli, wawili wawili.

Mwanasiti alikuwa akifanya kazi kwa dobi wa hoteli, akipiga pasi mashuka. Alikuja Jumapili pamoja na shangazi yake, ambaye hakucheza lakini hakukosa. Mimi sikuwahi kumwambia neno zaidi ya salamu. Nilichoweza ni kuisugua vizuri zaidi ile sehemu karibu na nguzo ya tano, aliyopenda kuchezea.

Taabu ilianza na akala. Wenyeji wengi walivaa ndala hizo za mpira wa magurudumu, na mpira ukigeuka juu ya nta huacha mstari mweusi. Jumatatu moja Meneja, Mzungu mrefu ambaye Kiswahili chake hakikuwa na salamu, alisimama akaitazama sakafu.

"Nani amepitisha lori hapa?"

Niliitoa mistari ile kwa mafuta ya taa nikiwa nimepiga magoti mpaka adhuhuri. Meneja akasema akiikuta tena, dansi la Jumapili limekwisha.

Mzee Kibwana alifikiri siku mbili, kisha akaja na jambo ambalo mtu wa pwani hakawii kulipata. Viatu vyote vivuliwe ngazini, kama msikitini. Shangazi wa Mwanasiti alikasirika akisema hayo ni kuufananisha msikiti na dansi. Mzee akamjibu, "Shangazi, na nyumbani kwako je? Kwani mimi huingia na viatu?" Hapo akavua.

Waliokataa kabisa walikuwa wenye viatu vya ngozi. Karani Mwadime, Mtaita aliyefanya kazi Matuga, alikuwa na viatu vyenye ncha, vyeusi, vilivyong'arishwa. Alisimama ngazini.

"Nimekuja dansi au nimekuja kuswali?"

Mwanasiti alikuwa ameshavua. Akamwambia, "Karani, kama miguu yako ina siri, kaa na viatu vyako hapo ututazame."

Watu wakacheka. Karani akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia nje.

"Haya, mmekiona," akasema. "Msikisalimie wote kwa pamoja."

Jumapili mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Dansi la miguu mitupu halina kishindo; bendi ilibidi ipige taratibu, na ukiwa nje ulisikia nyayo zikipita kama mtu anayepepeta mchele. Lakini ni lazima niseme jambo la kazi hapa. Mguu mtupu hauitaki nta ya mshumaa. Unataka sakafu kavu na poda kidogo. Nililijua hilo.

Jumapili ya tatu ilinyesha mchana. Sakafu ikapata unyevu, watu wakaanza kulalamika kwamba miguu inanata. Nikatia poda, haikutosha. Nikakumbuka unga wa mishumaa uliobaki Jumamosi, nikaunyunyiza pia. Bendi ilikwisha kuanza. Sikusukuma kiberiti.

Mwanasiti alianguka karibu na nguzo ya tano, akiegemea mkono. Sauti ya mfupa niliisikia. Na sasa naandika jambo ambalo yeye alinitania nalo maisha yetu yote: nilikimbia, nikapiga magoti kando yake, na badala ya kumshika yeye, nilipapasa sakafu kwa kiganja. Karani Mwadime ndiye aliyemwinua. Gari la hoteli la kwendea sokoni likampeleka Msambweni, mkono ukafungwa plasta.

Asubuhi yake nikaitwa ofisini. Mkuu wa walinzi, ambaye hakuwahi kulipenda dansi la wenyeji, alikuwa ameandika karatasi. Ilisema watu walikuwa wakisukumana ovyo na ndiyo sababu msichana ameanguka. Ilitakiwa sahihi ya shahidi mmoja, na shahidi ni mimi. Nikitia sahihi, dansi lafungwa, nami nabaki na kazi. Nisipotia, itabidi niseme aliangushwa na nini.

Mzee Kibwana alinivuta nje. "Mwanangu, dansi ni jambo la Jumapili. Tumbo ni la kila siku. Tia sahihi."

"Hakuna aliyemsukuma, Mzee."

"Najua. Nilikuwapo."

"Basi waniambia nini?"

"Nakwambia ninavyowaambia wanangu," akasema, akaangalia pembeni.

Nilirudi ndani nikamwambia Meneja, "Bwana, sikukisukuma kiberiti."

"Nini?"

Nikamweleza, hakuelewa. Akatoka nami mpaka kwenye sakafu, ambayo ilikuwa haijafagiwa tangu jana. Nikapiga magoti penye jukwaa, nikakisukuma kwa kidole kimoja mbele yake. Kikapita nguzo ya tatu. Kikapita ya nne na ya tano. Kikatoka mwisho wa saruji, kikaanguka mchangani.

Meneja alikwenda akakiokota. Kisha akasema, "Basi dansi halina kosa. Ni wewe."

"Naam, bwana. Ni mimi."

Ile karatasi aliirudisha kwa mkuu wa walinzi. Mimi nilidhani nimefukuzwa. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu za kazi. Jioni Mzee Kibwana akaniletea jibu: miezi miwili nje ya sakafu, kukusanya mwani ufukweni kwa reki kila asubuhi. Dansi liendelee. Wakati niko huko, Mzee aliisugua sakafu mwenyewe, na umri ule.

Ijumaa nilikwenda Waa kumwomba radhi babake Mwanasiti. Mzee Omari alikuwa amekaa kizingitini akisuka kamba. Nikamweleza yote, mpaka ule unga wa mishumaa.

"Umenivunjia mtoto mkono," akasema, "sasa waja kunieleza habari za sakafu?"

"Nimekuja kusema kosa ni langu, Baba."

"Kosa ni lako, sawa. Na nazi ataikuna nani? Mamake hana nguvu. Yule ana mkono mmoja." Akanitazama. "Hiyo mishumaa uliikuna kwa kitu gani?"

"Kwa bati, Baba."

"Mtu anayejua kukuna mishumaa hashindwi na nazi. Mbuzi iko jikoni."

Nikaingia jikoni, nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili. Nilirudi Jumapili, na Jumanne, mpaka plasta ilipotolewa. Mwanasiti alikaa mlangoni mkono ukiwa umening'inizwa kwa leso, akinikosoa. "Unakuna mpaka kifuu. Tui litakuwa jeusi." Na siku nyingine, "Umeniangusha mbele ya watu, wala hukuniinua."

"Nilikuja mbio."

"Ulikuja mbio kuitazama sakafu. Karani ndiye aliyenitazama mimi."

Mkono ulipopona ulikuwa umepinda kidogo. Tulioana mwaka uliofuata, na ile kanzu niliivaa.

Nilirudishwa kwenye sakafu, nikakaa hapo miaka kumi na zaidi. Mzee Kibwana alipostaafu, Meneja wa pili, Mwafrika kutoka bara, alinifanya mnyapara. Baadaye nikahamia hoteli nyingine upande wa Msambweni nikiwa msimamizi wa usafi, mwenye ufunguo wa stoo na watu kumi na wanne chini yangu. Kazi ile ilikuwa na heshima zaidi, lakini hakukuwa na kitu ndani yake nilichokijua kuliko mtu mwingine. Vigae vilikwisha kuingia, na vigae havihitaji mtu kama mimi. Dansi la Jumapili halikufungwa na yeyote. Watu walipata redio za kaseti, baa zikafunguliwa Ukunda, bendi ikavunjika, na Jumapili moja tulikuja watu sita. Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani, inayokwenda mpaka leo.

Sisemi zamani kulikuwa kuzuri kuliko sasa. Kulikuwa na milango mingi ya hoteli ambayo mtu wa Kwale aliipita akitazama chini. Nasema tu kwamba kulikuwa na mahali pamoja ambapo muuguzi, mvuvi na karani walicheza kwa bei ya soda, na kwamba nilitaka sana pasifungwe. Mwanasiti alinilipia hilo kwa mkono wake, na hakuniomba nilijutie. Alichoniomba ni nisikune nazi mpaka kifuu.

Siku ya arobaini yake tulisoma hitima hapa nyumbani. Tangu alfajiri niliifagia sebule, nikaiosha, nikaisugua kwa kumbi la nazi, ingawa mjukuu wangu alinisihi niache. Kina baba walipofika, viatu vilijaa ngazini. Wa mwisho kuja alikuwa mzee mmoja mwenye bakora, ameshikwa mkono na mwanawe. Sikumtambua mpaka alipovua kiatu cha kulia, na kidole gumba kikachungulia kwenye soksi.

"Karani," nikasema.

"Pole sana, ndugu yangu." Akaitazama sakafu. "Umeweka mshumaa?"

"Sikuweka. Na kiberiti nimekisukuma."

"Kilisimama wapi?"

"Hapa mlangoni."

Akampa mwanawe bakora, akanishika mkono, tukaingia.