Mashine Nyepesi ya Sindano

Walimwita Sindano, kwa sababu ya ile sindano ya kupigia santuri, na jina hilo lilikuwa limemganda kuliko lile alilopewa na babaye. Ukumbi ule wa harusi, wenye paa la bati na sakafu iliyolainishwa na viatu vya vizazi viwili, ulimjua tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuja na masanduku, akazipangusa santuri moja moja, akatazama nyuso za watu kabla ya kuchagua wimbo. Watu walisubiri. Alipobadilisha santuri, ukumbi mzima ulitulia kama nyumba inayongoja chakula kipakuliwe.

Sasa nyonga yake ilikuwa imekwisha, na sanduku moja tu lilimtoa jasho. Mwenye ukumbi wa zamani alikwisha kufa. Aliyeshika funguo ni mwanawe, mtu asiyejua kusubiri.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alimwambia. "Lakini wageni hawawezi kukaa wanakutazama unavyoburuta masanduku. Njoo na kompyuta kama wenzako. Nikiona harusi ya Jumamosi hii imekwenda vizuri, Jumamosi zote ni zako. Isipokwenda, tusilaumiane."

Sindano hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kuitaka. Akaziuza santuri zake. Aliyezinunua hakuwa hata na mashine ya kuzipigia. Alizitaka azitundike kwenye kuta za mgahawa wake, na alizichagua kwa rangi ya majalada.

Dukani alikwenda na mpwa wake, fundi cherehani, mwanamke wa makamo ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba, kompyuta za mitumba zimesimamishwa rafuni kama vitabu visivyosomwa na mtu. Muuzaji akashusha mbili.

"Hii kubwa ndiyo ya kazi," alisema. "Ina nguvu, ina feni mbili. Madijei wengi wanachukua hii."

Sindano akaiinua, nyonga ikamjibu. Akairudisha mezani taratibu. "Na hiyo ndogo?"

"Hiyo nyepesi, na bei yake nyepesi. Muziki itapiga. Diski yake haizunguki, kwa hiyo hata meza ikitikisika wimbo hauruki."

"Diski isiyozunguka ni diski ya nini?"

"Mjomba," mpwa akadakia, "hata wewe siku hizi huzunguki, na bado tunakuita mwanamume."

Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. Sindano hakumjali. Aliinama, akaweka sikio juu ya kibodi, kama alivyozoea kuzipima mashine za santuri. Zamani mashine iliyovuma ilikuwa mbovu, maana mvumo wake uliingia hadi kwenye spika. Hii ilikuwa kimya kabisa.

"Nitachukua hii."

"Feni yake ndogo, ndiyo maana huisikii," muuzaji alisema. "Ipe tu nafasi ya kupumua."

"Nani asiyeitaka nafasi hiyo?" mpwa alisema, na safari ya dukani ikaishia hapo.

Juma zima alijifunza kwenye meza ya cherehani, katikati ya vipande vya nguo. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ile. Akigusa wimbo mmoja, unafunguka mwingine. Lakini hakulala mpaka akajua, na mpwa, aliyezoea kumtania, siku ya mwisho hakumtania.

Jumamosi alianza vizuri. Alitazama nyuso, akachagua, na mama mmoja mtu mzima akainuka kitini akiwa bado ameshika mkoba wake, akacheza peke yake. Mwenye ukumbi, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Chakula kikaanza kugawiwa. Sindano akapanga nyimbo tulivu zifuatane zenyewe, kisha akafanya lile ambalo mpiga santuri yeyote wa zama zake angelifanya. Sahani zilikuwa zinapita juu ya vichwa, watoto wanakimbizana na soda, vumbi linaruka. Akatoa kitambaa kizito alichoshonewa na marehemu mkewe, akakikunja mara mbili, akaifunika mashine huku ikiendelea kupiga. Chombo cha muziki hakiachwi wazi watu wakila. Alijifunza hivyo ujanani, kwa kupigwa makofi.

Bati lilikuwa linawaka jua. Chini ya kitambaa, ile feni ndogo ilihangaika bila kusikika.

Bwana na bibi harusi walisimama kucheza. Walikuwa wamefika katikati ya sakafu, mikono imeshikana, muziki ulipokatika. Sindano akafunua. Skrini ilikuwa nyeusi, na kibodi ilimchoma kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Akabonyeza, akabonyeza tena. Ukumbini mtu mmoja akakohoa, mwingine akacheka.

"Mjomba, iache ipoe," mpwa alimnong'oneza.

"Watapoa wao kwanza."

Ndugu wa bwana harusi alikuja mbio. "Samahani, mzee." Akachomoa waya wa spika kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye simu yake. Wimbo ukalia, wa kwanza uliotokea, na hakuna aliyetazama ulikotoka. Bwana na bibi wakacheza. Wageni wakawafuata.

Mwenye ukumbi akamjia, hana hasira. "Usijisumbue, mzee. Hakuna kilichoharibika. Si unaona wanacheza?"

"Naona."

"Basi Jumamosi ijayo pumzika."

"Na ile nyingine?"

"Pumzika tu, mzee wangu."

Sindano akaifunga mashine, akaitia kwenye mfuko wake wa kubebea, mpwa akaupokea. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye waya, maana ulikuwa wake, aliuunga mwenyewe kwa risasi ya kulehemu.

"Huo tuachie kwanza," mwenye ukumbi alisema. "Simu itapigia nini?"

Sindano akavuta kiti, akaketi kando ya spika, akangoja wamalize kucheza.