Nong Encio Akwangua Rangi

Kwa miaka tisa Teopista hakukanyaga gereji ya mzee Encio, Nong Encio kama wote walivyomwita kwa heshima, pale mtaa wa Jaro, ingawa ilikuwa njiani kwake kwenda sokoni. Aliizunguka. Aliapa kwamba hatamtengenezea mzee yule hata taa moja mpaka aitwe naye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Zamani alikuwa fundi umeme humo, mwanamke pekee, na wote walimwita Pising. Kisha jipni ya dereva Ireneo, basi lake dogo la abiria, ikaungua. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme wa injini kwenye betri, aliufunga Nong Encio mwenyewe, na kwa haraka zake akaubana juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Umeme ukajitafutia njia nyingine, ukapita kwenye kebo ya klachi, kebo ikaiva nyekundu kama kaa la moto. Ireneo alitoka mikono imebabuka. Nong Encio akawatangazia madereva: "Hiyo kazi ya Pising. Mwanamke na nyaya wapi na wapi!"

Teopista akafukuzwa, na kwa miezi mingi hakuna aliyempa hata fyuzi abadilishe. Baadaye alifungua kibanda chake, wateja wakarudi mmoja mmoja. Chuki haikuondoka. Aliilea, akailisha, ikanenepa.

Asubuhi ya Candelaria, sikukuu ya kubariki mishumaa, jipni zilipangwa mbele ya kanisa zikingoja maandamano. Ya Nong Encio ilikuwa ya kwanza, imepakwa rangi mpya, imejaa maua. Akawasha: ka! Kimya. Betri alibadilisha juzi, stata jana. Nyuma yake honi zikaanza kumzomea.

"Mwite Pising!" madereva wakapiga kelele.

Nong Encio akampigia simu. Teopista alikuja bila haraka, akiwa bado anatafuna. Alichukua waya mnene, ncha moja akaigusisha kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini.

"Washa, Nong."

Injini ikanguruma. Watu wakashangilia. Teopista akamwambia aizime, akauondoa waya wake, akauviringisha mkononi.

"Inday, binti yangu, unaupeleka wapi?" mzee akauliza.

"Nyumbani. Ethi yako imefungwa juu ya rangi, kama ile ya Ireneo. Ile nani aliifunga?"

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu. Padri anangoja."

"Mimi nimengoja miaka tisa. Padri hawezi dakika mbili?"

Ireneo alikuwa amesogea, mikono yake yenye makovu ameikunja kifuani. Nong Encio akatazama chini.

"Niliifunga mimi," akanong'ona.

"Sisikii! Nilipofukuzwa ulikuwa na sauti!"

"Mimi! Niliifunga mimi, nikamsingizia Pising!"

Hakuna aliyecheka. Teopista akamtupia kipande cha msasa.

"Kwangua mwenyewe, mpaka chuma kiwe cheupe."

Mzee akalala chini ya gari na shati lake jeupe la sikukuu, akakwangua, vumbi la rangi likimwingia machoni. Teopista alisimama juu yake mpaka mwisho, ethi ikafungwa upya na injini ikawaka. Moyo wake ulikuwa mtamu kama embe bivu, wala hakuona haya.

Ireneo akamfuata. "Manang, dada yangu, nisamehe. Nilimwamini."

"Ulimwamini kwa sababu ulitaka," akajibu. "Gari lako lina nini?"

"Taa zinafifia."

"Lilete Jumatatu. Utakaa wa mwisho kwenye foleni."

Jumatatu Ireneo alifika alfajiri, na kila dereva aliyekuja baada yake Teopista akamtanguliza.