Nasadiki ya Kasanga

Niliishia darasa la pili, na redio ya upepo ya ofisi ya malori pale Sumbawanga niliiendesha mimi. Hakuna mjomba aliyenipa kazi hiyo. Nilianza kwa kupakua magunia, mgongo ukachoka, nikajifunza redio kwa kutazama.

Kila asubuhi niliviita vituo kuuliza kama barabara inapitika. Ukiminya kitufe unasema, ukiachia unasikia. Wawili mkiminya pamoja, hakuna anayesikia kitu. Ukishaita, basi, ungoje kiasi gani ndipo useme kituo kimekufa? Namanyere walijibu hata sijakaa sawa. Kasanga alikuwepo mzee mzito, mpaka atoke barazani, avue kofia, akae, ndipo aminye. Na habari za barabara hazitaji kabla salamu hazijaisha.

Mkuu wetu akaweka kipimo kimoja kwa wote. Ita, sali Salamu Maria kimoyomoyo, ita tena. Kimya? Futa kituo, lori liende kwingine. Hakuwa mjinga. Betri ilikuwa moja, tena imechoka, na wakulima wa Namanyere walishalala na mahindi yao barabarani kwa sababu lori lilikuwa likingoja jibu la Kasanga.

Asubuhi moja mvua imenyesha usiku kucha, na mama yangu mgonjwa yuko Kasanga kwa dada, anangoja lori limlete hospitali. Nikaita, nikamwamkia mzee. Salamu Maria ikaisha, nikaita tena. Nilipoachia nikasikia mkwaruzo, mkia wa neno. Mzee alikuwa anajibu, nami nimeminya juu yake.

"Futa, ndugu," Mkuu akasema. "Gari limeshawashwa."

"Nasali."

"Salamu Maria gani hiyo haiishi?"

"Nasali Nasadiki, ile ndefu."

"Isalie na betri, inakata roho."

Dereva akachungulia mlangoni. "Kaka, nielekee wapi sasa?"

Nilikuwa nimekalia mikono yangu isiguse kitufe. Nilipokaribia amina, sauti ikaja taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Mara ya kwanza nimekujibu, hukutulia. Za huko?"

"Nzuri, mzee."

"Watoto?"

"Muulize barabara," Mkuu akaninong'oneza.

"Hajamaliza."

Wakamalizika watoto, ikaja mvua, ndipo akasema barabara inapitika, na mama ameshakunywa uji, kakaa na mzigo wake. Nikaminya nimwambie tunakuja. Betri ikazima. Nikamwonyesha dereva barabara ya Kasanga, akaondoka.

Jioni ya siku ya pili mama alifika amelala juu ya magunia ya dagaa.

"Nilidhani hamji," akasema.

Nikamshusha.

Kesho yake Mkuu akaja na betri ya kuazima. "Kasanga wape Nasadiki. Wengine Salamu Maria. Na watu wa Namanyere wakija kulalamika, utawajibu wewe."

Walikuja, wamelowa, wamelala tena barabarani. Niliwajibu mimi.