Kioo Kinachomkumbusha Ma Salvina Dawa

"Ma Avelina, hicho kioo unakitazama wewe, au chenyewe ndicho kinakutazama?"

Swali hilo aliuliza jirani, Ta Fidele, siku alipochungulia karakana ya mabati pale Nyakasimbi, wilayani Karagwe, akajiona kiooni na maandishi meupe yamemkalia kifuani. Aligeuka nyuma kumtafuta aliyeyaandika. Hakuna mtu. Akafanya ishara ya msalaba.

"Hicho si chako wala changu," Avelina alimjibu akicheka. "Ni cha Ma Salvina."

Leo, saa tatu asubuhi, Avelina Kamugisha, mwenye miaka 46, fundi wa redio na televisheni, ameinama juu ya kioo cha pili. Kwa kitana anasukuma mapovu ya tinti, ile ya madirisha ya magari. Nyuma ya kioo ataweka tableti kuukuu. Penye giza kwenye tableti, kioo kitarudisha sura ya mtu. Penye mwanga, maneno yatapenya.

"Hiki nakipeleka zahanati," anasema. "Wasiosikia wasome majina yao zamu ikifika. Wengi hurudi nyumbani bila kutibiwa kwa kuwa waliitwa, hawakusikia."

Lakini cha kwanza ndicho kilichomfundisha.

Ma Salvina, mwenye miaka 73, anaishi peke yake kwenye kibanja chake cha migomba. Masikio yalimziba miaka sita iliyopita. Mara mbili majirani walimwokota chini ya migomba, presha imepanda, vidonge hajameza. Binti yake Placidia, anayefanya kazi Bukoba, akakata shauri.

"Nikimpigia simu hasikii. Mwisho wa mwezi namchukua."

"Bukoba nitapalilia nini, saruji?" mama akalalamika kwa Avelina. "Hapa nimemzika mume wangu. Hapa ndipo pangu."

Avelina alirudi na maneno hayo karakanani. Alijua mwanamke yule havuki kizingiti kabla ya kujitazama na kufunga kitambaa chake. Basi, aliwaza, dawa imsubiri pale pale anapojitazama.

Vioo vitatu vilimvunjikia. Cha nne kikakubali, akakifunga ukutani kwa Ma Salvina na kukiunganisha na sola. Bibi alikigusa kwa ncha ya kidole, akauondoa mkono haraka. "Mungu wangu, maneno yanatoka kwenye uso wangu!"

Na wiki ile ile, nusura kioo kiue.

Kiliandika: DAWA 8:00, DAWA 20:00. Ma Salvina, anayehesabu saa tangu kulipokucha, alisubiri mpaka saa nane mchana ndipo akameza kidonge cha asubuhi. Cha usiku hakukigusa.

"Saa ishirini ndiyo ipi?" alimuuliza fundi, ameshika ukuta kwa kizunguzungu. "Ya mbinguni?"

"Nilicheka, kisha nikaona kosa langu," Avelina anakumbuka. "Nilimwekea saa ya tableti. Saa yake sikumwekea."

Akaandika upya, kwa maneno, yajitokeze saa yenyewe inapofika. Kabla hajamaliza, Ma Salvina akamshika mkono na kumwomba jambo moja zaidi. Fundi akaliandika.

Placidia alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja na nusu asubuhi, na gari la kukodi. Alianza kukunja nguo za mama yake na kuzitia kwenye mfuko, bila kukaa. Mama alimtazama tu, mikono mapajani.

"Dada, subiri kidogo," Avelina alimsihi.

"Nisubiri kioo? Umeme ukikatika?"

"Ni sola."

"Na wewe ukiondoka?"

"Niende wapi, dada? Mimi na migomba tumeota hapa."

Ilipotimia saa mbili, kioo kikawaka. Ma Salvina aliinuka, akasoma, akatia kidonge kinywani na kunywa maji. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwambia.

Placidia alisogea. Akaona uso wake mwenyewe, na juu ya uso huo maandishi:

MAMA, SHIKAMOO. NI SAA MBILI ASUBUHI. KUNYWA DAWA. NI MIMI, PLACIDIA.

"Nani kaandika jina langu?"

"Mimi," Avelina alijibu. "Yeye ndiye aliyeniomba. Alisema wa kumkumbusha ni mwanaye, si kioo."

Placidia alisimama pale mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye jina. Akaufuta kwa kiganja. Kisha akazitoa zile nguo mfukoni, moja moja, akazirudisha kitandani, akamwinamia mama yake na kumshika miguu.

Akatoka, akapanda gari la kukodi peke yake.