Tulivyolainisha Viatu vya Wapanda Milima

Wiki iliyopita kazini waligawa karatasi. Kuna kundi letu linakwenda kutembea milimani Drakensberg, siku tatu, na safari hii na mimi nimo. Karatasi inataja vya kubeba: maji lita mbili kila mtu, koti la mvua hata kama jua linawaka, kofia, filimbi, tochi, soksi za sufu jozi tatu, plasta za malengelenge. Chini kabisa, kwa herufi nene, imeandikwa kwamba viatu viwe vimeshavaliwa vikalainika, mtu asije na viatu vipya. Dada wa meza ya pili akauliza kwa sauti, jamani, mtu analainishaje viatu? Wote wakacheka. Mimi, rafiki yangu, sikuweza. Niliikunja ile karatasi nikaitia mkobani, nikaenda kujifungia chooni mpaka nikaona aibu kuendelea kukaa.

Maana kazi hiyo ndiyo iliyonilea.

Baba alikuwa fundi viatu. Alikuja Johannesburg na mama kutoka Tanga kabla sijazaliwa, wakapanga chumba Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba saba na kuachiwa jiko moja la kugombania. Karakana yake ilikuwa Doornfontein, chini ya ghorofa, katikati ya mshona mapazia na mtu wa kutengeneza mafriji. Viatu vya ofisini na vya shule alivishona, lakini jina lake lilikuwa kwenye mabuti ya wapanda milima, yale mazito ya ngozi yenye soli ya meno. Buti la namna ile likiwa jipya halina huruma. Ukienda nalo mlimani moja kwa moja, siku ya pili unatambaa. Na watu wenye ofisi zao hawana muda wa kuzunguka wiki tatu na kiatu kigumu. Basi walimwachia baba, na baba akawatembezea.

Usishangae, ndivyo ilivyokuwa. Alivaa viatu vya mtu, akavitembeza mpaka vikalegea, akavisafisha, akamrudishia mwenyewe. Mama alikuwa akitucheka kwamba matajiri wa mtaa wa Observatory wanatembeza mbwa na sisi tunatembeza viatu, na kwamba mbwa angalau wanatikisa mkia.

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na namba yake. Baba alivaa nane. Mama alivaa nne, na mabuti madogo ya wanawake aliyamaliza humo humo ndani, akipika na kufagia nayo huku amevaa khanga. Jirani wa chumba cha nyuma, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa mlinzi, alivaa kumi, akawa anazungukia zamu yake na mabuti ya wateja. Mimi nilikuwa nasubiri mguu ukue. Baba aliniahidi kwamba nikifika namba tano nitaingia kazini, na kwamba siku moja tutakwenda wenyewe huko milimani tukaone viatu hivi vinapelekwa wapi. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakanyaga kwenye kipande cha kadibodi, yeye anachora kuzunguka mguu wangu kwa penseli, penseli inanitekenya. Sijawahi kutaka kitu chochote utotoni kama nilivyoitaka namba tano.

Hata kabla sijaifikia, Jumamosi nilifuatana naye. Tulitoka Bellevue asubuhi, tukanunua magwinya ya moto kwa mama mmoja wa pembeni ya barabara, yale maandazi yao yasiyo na sukari, tukapita kuta ndefu za Observatory zilizojaa mbwa wa kubweka, tukashika njia ya kupanda kilimani. Wakati wa baridi majani yalikuwa yamechomwa na nguo zilirudi nyumbani zinanuka moshi. Wakati wa mvua shubiri mwitu zilikuwa zimenenepa, na saa nane mawingu yalianza kujikusanya, tukajua tuna nusu saa ya kushuka kabla ya radi. Juu kwenye mawe tuliwakuta waumini wenye kanzu nyeupe wakiomba, kila kundi kwa lugha yake. Baba aliwasalimia wote. Tukakaa upande wenye upepo kidogo, tukanywa chai ya tangawizi kwenye chupa, na mji wote uko chini yetu.

Alikuwa na masharti, akinifundisha kama anayemfundisha mtu anayeondoka kesho. Kucha zikatwe sawa, zisiviringwe pembeni. Soksi nyembamba ndani, nene juu. Kiatu kipigwe kisigino chini kabla ya kukivaa, huwezi kujua nani amelala humo. Siku ya kwanza muda wa saa moja, barabara ya lami. Siku ya tatu kilima. Wiki ya pili kilima na mzigo, na mzigo wetu ulikuwa mfuko wa unga wa mahindi wa kilo kumi aliouvaa mgongoni. Kupanda legeza kamba, kushuka kaza, la sivyo vidole vinagonga mbele. Na sharti kubwa kuliko yote: ukiona kiatu kinakuchoma mahali, simama hapo hapo, vua, tazama. Usisubiri kufika. Nimekuwa mtu mzima na watoto wangu mwenyewe, ambao Kiswahili wanakisikia tu na kunijibu kwa Kizulu, na bado nawakata kucha sawa.

Nilifika namba tano nilipokuwa na miaka kumi na tatu. Mwaka huo huo mteja mmoja wa siku nyingi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiongoza kundi la wapanda milima, alikuja kuchukua mabuti yake akamwambia baba: wewe umetembeza viatu vyangu miaka yote hii, njoo likizo ya Aprili uvione vikifanya kazi. Njoo na binti. Gari lina nafasi mbili. Baba alirudi nyumbani akiwa amenyoa ndevu. Mama alipika wali wa nazi siku ya Jumanne, ujue mwenyewe furaha ilikuwa ya kiasi gani.

Mimi nilipata mabuti ya kuazima ya namba yangu. Baba alijichagulia jozi iliyokuwa imetelekezwa karakana zaidi ya mwaka, ya kahawia, ngozi safi kabisa, mwenyewe hakurudi. Ilikuwa namba saba. Nilimwambia, baba, wewe ni nane. Akasema ngozi inasikia maneno, ipe miezi miwili tu.

Basi tukaanza. Kila Jumamosi, na siku nyingine jioni, yeye na saba yake na mimi na tano yangu. Nilikuwa nachechemea, napata malengelenge, natokwa machozi, na yeye anapanda tu. Hakulalamika hata siku moja. Jirani alimtazama akitoka na kuingia akatikisa kichwa: "Huyu muzee iko na miguu ya chuma! Mie kiatu ikinifinya kidogo tu, nalia sawa mutoto." Baba alifurahi sana kuambiwa hivyo. Alisema miaka ishirini ya kuvaa mabuti ya watu imemkomaza nyayo, hasikii kitu. Na sisi sote tukaona ni ufundi. Majirani wakaletwa waambiwe. Kiangazi kile alikuwa anakunywa maji sana, mtungi mzima kwa siku, na alikuwa amepungua shingo, lakini joto lilikuwa kali na kila mtu alikuwa anakunywa maji.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Tulikaa juu kwenye mawe, akavua buti la kushoto ili amwage changarawe, nikaona soksi. Ilikuwa imelowa damu kuanzia vidoleni hadi katikati ya unyayo, nyingine mbichi na nyingine imeshakauka nyeusi. Na yeye alikuwa anaitazama kama soksi ya mtu mwingine. Aliivua taratibu. Kidole gumba kilikuwa na kidonda ambacho ungeweza kutumbukiza ncha ya penseli ndani yake. Nikamuuliza, hakikuumi? Akakibonyeza mbele yangu. Hakukunja hata uso. Akasema kidogo hivi si kitu, akakifunga na leso, akarudisha buti. Halafu akasema, "Usimwambie mama yako. Atatuzuia."

Sikumwambia. Ningependa kukueleza kwamba nilinyamaza kwa heshima, kwa kuwa baba ndiye aliyesema. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwenda milimani. Nilihesabu wiki tatu nikaona ni chache, kidole kitavumilia. Na tukaenda tena Jumamosi iliyofuata, na mfuko wa unga, na mimi nyuma yake nikiangalia kisigino chake kinavyopanda na kushuka.

Aliyegundua ni mama, kwa harufu. Jirani alisaidia kumbeba mpaka kwenye teksi. Hospitali walipima damu wakasema ni kisukari, tena cha siku nyingi, na kwamba ganzi ile ya miguu ndiyo ugonjwa wenyewe. Nesi akamuuliza mama kwa Kizulu kidonda kina muda gani. Mama hakukijua Kizulu vizuri, akanigeukia mimi nimtafsirie. Nikamtafsiria. Mama akasema, mwambie hatujui, tumekiona leo. Nikamwambia nesi hatujui, tumekiona leo. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na mpaka leo jambo hilo linaniogopesha.

Walikata vidole viwili, kisha mguu kwenye kifundo, kisha chini ya goti, yote kabla ya mvua nyingine kuanza. Mwalimu mstaafu alikuja siku ya safari kama alivyoahidi, na mikoba miwili ya mgongoni ya kutuazima. Mama alimkaribisha chai. Alikaa kitandani kwetu bila kuvua kofia, akanywa, akaondoka na mikoba yake. Hakurudi tena, na simlaumu.

Sasa hakuna kilichobaki cha kukuonyesha. Mabuti ya siku hizi yanatoka dukani yakiwa laini, nusu kitambaa, hakuna anayehitaji mguu wa mtu mwingine. Karakana imekuwa vyumba vya wanafunzi. Jirani alihamia Cape Town, baadaye tukasikia amefariki. Mama naye hayupo, na aliondoka akijilaumu kwamba mke gani haoni mguu wa mumewe. Nilikaa pembeni ya kitanda chake siku nyingi nikiwa na jibu mdomoni. Hata kilimani siwezi kukupeleka, watu wanaporwa huko mchana kweupe. Mwaka juzi nilijaribu, nikarudi njiani baada ya wanaume wawili kusimama juu ya mawe na kunikazia macho.

Baba bado yuko Bellevue, chumba kile kile, na mguu wa kulia umeanza kubadilika rangi. Jumapili nilikwenda kumwambia kuhusu safari. Nilidhani atasikitika, lakini alichangamka, akaniambia nimpe viatu vyangu vipya avione. Akavishika gizani mle, maana macho nayo yamepungua, akavikunja, akapitisha kidole ndani kwenye mshono wa ulimi. Akaniambia nivivae nitembee kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikatembea. Akasikiliza.

"Vinakubana?"

"Hapana, baba."

"Usinidanganye. Mtu akiona jambo la mguu aseme." Alikuwa amekilaza kichwa ukutani, hana hasira wala nini, ananifundisha tu. "Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia."

Nilisimama pale dirishani na viatu vyangu miguuni. Alikuwa anasubiri. Nikamwambia, ndiyo, baba, cha kushoto kinanibana kidogo. Akaninyooshea mkono nimpelekee, akaniuliza wapi hasa, na mimi nikamwonyesha mahali ambapo hapakuwa na kitu.